Raba inayoshika sana mpira: mbona nikivuta unaingia, lakini nikipokea sevisi unapaa?

Mchezaji wa Uyole, Mbeya

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na tenisi ya mezani, hasa mnaocheza huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, maana nimebadilisha raba za raketi yangu na tangu hapo nimekuwa kama mtu anayejifunza upya.

Kwa miaka sita nilichezea raketi moja ya dukani, ile inayouzwa ikiwa imeshabandikwa raba, ndani ya pakiti moja na mipira mitatu. Raba zake zilichakaa hadi katikati pakang'aa kama kitako cha suruali kuukuu, na mpira ukigusa hapo ulikuwa unateleza tu. Pamoja na uchakavu huo nilikuwa nimeizoea, na pale ukumbini kwetu sikuwa mtu wa kufungwa ovyo. Mwezi wa nne kaka yangu aliniletea ubao mtupu na raba mbili mpya. Nyeusi ni ya Kichina, DHS Hurricane 3, na uso wake unanata kiasi kwamba nikiweka mpira juu yake kisha nikageuza raketi, mpira unaning'inia kwa sekunde mbili tatu kabla ya kudondoka. Nyekundu ni ya Kijerumani. Ukiigusa kwa kidole hainati kabisa, lakini nikiukandamiza mpira kwa kiganja na kujaribu kuuburuta juu yake, mpira haukubali kuteleza hata kidogo. Sponji yake ni laini na ina vitundu vinavyoonekana kwa macho.

Sasa hali ni hii. Nikipata nafasi ya kuvuta mpira, yaani kuukwaruza kwenda juu na mbele ili uzunguke, kwa nguvu kwa upande wa kiganja, ninafurahi mno: mpira unapita juu ya wavu kwa nafasi kubwa, unajipinda kushuka, na ukishagonga meza unaruka mbele kumkimbilia mpinzani. Sijawahi kucheza mpira wa namna hiyo maishani mwangu. Lakini mpinzani akinipigia sevisi yenye mzunguko, mpira ninaorudisha unapaa hadi usawa wa kifua chake, naye anaumaliza anavyotaka. Mara nyingine unatoka pembeni ya meza kabisa, kana kwamba nimekusudia kuupeleka huko. Nikizuia kwa upande mwekundu, mpira unapitiliza meza kwa futi moja au mbili. Nikiusukuma taratibu kwa upande mweusi, unafia wavuni. Watu niliokuwa nawafunga seti tatu kwa moja sasa wananifunga.

Jambo la pili ni kwamba mwezi wa sita nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kifamilia, nikapata jioni mbili za kucheza na raketi hii hii. Kule mipira niliyovuta ilikuwa inashuka mapema, mingine ikiishia wavuni, ingawa nilipiga vilevile nipigavyo nyumbani. Niliporudi Mbeya ikaanza tena kuwa mirefu. Je, raba inabadilika kwa hali ya hewa, au ni mkono wangu? Na je, nirudi kwenye raketi ya zamani?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Kamwene, ndugu wa Uyole. Tafadhali usirudi kwenye raketi ya zamani kabla hujanisoma hadi mwisho, kwa sababu hayo yote uliyoyaeleza, yanayokufurahisha na yanayokuudhi, yanatoka kwenye sifa moja tu ya raba.

Raba yako ya zamani ilikuwa kiziwi. Mpinzani alipozungusha mpira, raba haikusikia; mpira uliteleza juu yake na kurudi ukiwa na sehemu kubwa ya mzunguko wake uleule. Wewe nawe ulipotaka kuzungusha, haikukusaidia. Kwa miaka sita mkono wako umejifunza kuelekeza raketi kana kwamba mzunguko wa mpinzani haupo. Raba inayoshika inasikia kila kitu, chako na chake pia. Mpira wenye mzunguko wa mbele ukikutana na raba yako uliyoisimamisha wima, unaipanda raba na kupaa. Mpira uliokatwa, yaani unaozunguka kurudi nyuma, ukikutana nayo, unaishuka na kuingia wavuni. Mpira wenye mzunguko wa pembeni unakimbilia ule upande ambao raketi ya mpigaji sevisi iliishia. Ndiyo maana inapasa uelekeze raketi yako kule ilikoanzia. Mpira wako unaopaa hadi kifuani mwa mpinzani unaniambia kwamba anakupigia sevisi ya mzunguko wa mbele uliochanganywa na wa pembeni, nawe unafungua uso wa raketi, yaani unauelekeza juu, kwa mazoea ya zamani.

Hapa naomba nitofautishe mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya, yaani unato na mshiko. Unato ni ule uso wa raba kung'ang'ania kitu kinachoigusa, kama ulivyofanya kwa kuning'iniza mpira. Mshiko ni raba kukataa mpira usiteleze pale unapokandamizwa, kama ulivyofanya kwa kuuburuta kwa kiganja. Mpira na raba hukaa pamoja kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mpira unadidimia, vijiti vidogo vilivyo chini ya uso wa raba vinalala upande, sponji inabonyea, kisha vyote vinarudi mahali pake na kuusukuma mpira ukiwa unazunguka. Kazi hiyo inafanywa na mshiko pamoja na mnyumbuko, hata pasipo unato wowote. Butterfly Tenergy 05, ambayo ilitoka mwaka 2008, hainati ukiigusa, na bado imehesabiwa miongoni mwa raba zenye mzunguko mkubwa kabisa. Unato unafaa zaidi pale unapougusa mpira kidogo tu kwa kuupapasa: sevisi fupi, mpira wa kukata unaodondoka karibu na wavu, na uvutaji wa polepole wenye mzunguko mzito.

Nyeusi yako ni raba yenye gia mbili. Hurricane 3 ina sponji ngumu. Ukiipiga kwa upole, mpira hauifikii sponji ipasavyo, unabaki kwenye uso tu, na uso huo hauna haraka. Ndiyo maana mpira unafia wavuni. Ukiipiga kwa mkono wote, miguu na kiuno vikishiriki, sponji inaamka na unaupata ule mpira unaokufurahisha. Ma Long, bingwa wa Olimpiki wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo, amevuta kwa raba hiyo kwa miaka mingi, lakini yeye hapigi mpira nusu nusu. Na wachezaji wengi wa China huweka raba inayonata upande wa kiganja, kwenye nafasi ya kuzungusha mkono mzima, halafu upande wa mgongo wa mkono, ambako mapigo ni mafupi, wanaweka raba ya Kijapani au ya Kijerumani inayoruka yenyewe. Kaka yako, kwa kujua au kwa bahati, amekuletea mpangilio uleule. Angalizo dogo: usije ukalinganisha namba za ugumu zilizoandikwa kwenye pakiti hizo mbili, kwa sababu Wachina na Wajerumani hawatumii kipimo kimoja. Arobaini ya Kichina ni ngumu kuliko arobaini ya Kijerumani, tena kwa mbali.

Sasa dawa. Chukua mpira mmoja, upake rangi nusu yake kwa kalamu ya maka, kisha mwombe mwenzako akupigie sevisi hamsini polepole huku wewe ukitazama tu bila kurudisha. Utaona rangi ikizunguka, na ukiutazama mkono wake pamoja na rangi, baada ya siku chache utaanza kujua mzunguko kabla mpira haujavuka wavu. Zoezi hili halina raha, lakini katika wanafunzi niliowafundisha sijaona lingine linaloponya haraka namna hii. Kwenye kuzuia, lalisha uso wa raketi mbele zaidi ya unavyodhani inafaa, uguse mpira ukiwa bado unapanda, na ulegeze vidole. Raba nyekundu ina nguvu yake yenyewe. Mkono ukiongeza yake, mpira lazima upitilize. Kwa mpira uliokatwa, upande mweusi ufungue uso wa raketi, kisha pitisha raketi chini ya mpira kwenda mbele kwa mkato ulio wazi. Usiishie kuugusa na kusimama.

Sikiliza pia sauti. Ukivuta vizuri kwa raba ya namna hii, unasikia mkwaruzo mfupi, na sauti ya ubao haipo kabisa au ni ya chini sana. Ukisikia ubao umelia "tok", ujue umeupiga mpira badala ya kuuvuta, na mshiko wote uliounulia raba hukuutumia.

Dada wa Njombe

Namheshimu sana mwalimu wa Kihesa, na maelezo yake ya mzunguko nayakubali neno kwa neno, lakini kuhusu uamuzi wa kuendelea na raba zote mbili kwa mpigo naomba nitofautiane naye.

Mimi ni mchezaji wa kukata na kuzuia, nacheza mbali kidogo na meza, na nimepitia njia hiyo hiyo. Nilipobandika raba mbili mpya siku moja, nilikosa pa kushika. Kila kosa nilijiuliza ni raba ipi, ni pembe ipi, ni mkono au ni mguu, na kwa miezi mitatu sikupata jibu. Nilipoitoa moja na kurudisha raba ya kawaida upande wa mgongo wa mkono, niliweza kujifunza upande mmoja kwa utulivu, na ule mwingine ukafuata baadaye bila shida. Mtu anayecheza jioni mbili kwa wiki baada ya kazi hana saa za mazoezi za timu ya taifa ya China, kwa hiyo si haki tumpe ushauri unaodhani anazo.

Unene wa sponji nao haujatajwa, na kwangu mimi una uzito kuliko jina la raba. Kanuni inaruhusu raba pamoja na sponji na gundi isizidi milimita 4, na mtu akiagiza bila kusema chochote mara nyingi huletewa sponji nene kabisa, kwa sababu ndiyo inayopendwa na washambuliaji. Sponji ya milimita 1.8 inapunguza ule mruko unaokutoa nje ya meza, huku uso wa raba ukibaki na mshiko uleule. Mpira unaugusa ubao mapema zaidi na mkono unapata habari zake. Kama unaweza kubadilishana na mtu, badilisha hiyo nyekundu kwa iliyo nyembamba, kisha uone kama kuzuia kwako hakutarudi ndani ya wiki mbili.

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Naomba nijibu sehemu ya Dar es Salaam, kwa sababu naona imepitwa, na ndiyo iliyonivutia zaidi.

Ndugu, mkono wako ulikuwa sahihi na macho yako pia. Mpira wa tenisi ya mezani una uzito wa gramu 2.7 tu na kipenyo cha milimita 40, kwa hiyo hewa ina mamlaka makubwa juu yake. Mpira unaozunguka mbele huburuta hewa inayouzunguka, na kutokana na hilo unasukumwa chini. Ndiyo sababu mpira uliovutwa unajipinda kuelekea mezani ingawa umepigwa kwenda juu. Nguvu hiyo inategemea uzito wa hewa yenyewe. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hata ukizingatia ubaridi wetu, ambao huifanya hewa iwe nzito kidogo, hewa yake bado ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Hewa ikiwa nyepesi, mpira unajipinda kidogo na pia unapunguzwa kasi kidogo. Mambo yote mawili yanaurefusha. Ukishuka pwani na mkono uliouzoesha Mbeya, hewa nzito inaushusha mpira wako mapema na kuuchelewesha, nao unaishia wavuni. Mchezaji wa Dar es Salaam akipanda kuja kwetu hukutwa na kinyume chake, na huwa analaumu meza.

Sasa ona jinsi raba inavyoingia hapo. Kadiri raba inavyokupa mzunguko mwingi ndivyo unavyoitegemea hewa zaidi, kwa hiyo ndivyo tofauti ya mahali inavyokuwa kubwa. Kwa raketi yako ya zamani usingeiona tofauti hiyo, kwa sababu hapakuwa na mzunguko wa kutosha kupotea.

Baridi nayo ina sehemu yake. Asubuhi za mwezi wa saba, kipimajoto kikiwa chini ya nyuzi 10, sponji hukakamaa. Nimewahi kudondosha mpira kutoka urefu wa rula moja juu ya raketi iliyolala ndani ya chumba cha baridi, kisha nikarudia baada ya kuiweka raketi hiyo ndani ya koti langu kwa nusu saa, na tofauti ya mruko ilionekana bila kupima. Raba ngumu kama Hurricane 3 huumia zaidi kwa baridi, kwa kuwa tangu mwanzo inadai nguvu ili iamke. Ushauri wangu ni kuitunza raketi ndani ya nguo mpaka dakika ya kuanza, na kuupasha mwili moto kwanza kabla ya kuhukumu raba.

Huku kwetu Rungwe adui mkubwa zaidi ni unyevu. Ukungu ukiingia ukumbini, utando mwembamba wa maji hukaa juu ya raba na juu ya mpira, na raba yenye mshiko wa ajabu inageuka kuwa sabuni. Hufuti kwa jezi, maana jezi nayo imelowa jasho. Unahitaji taulo kavu, na kanuni zinaruhusu kujifuta kila baada ya pointi 6. Kwenu Mbeya kuanzia mwezi wa nane ni vumbi. Raba inayonata hukusanya vumbi kwa kasi kuliko raba nyingine yoyote, na ikishashika vumbi unato hauonekani tena. Ipulizie pumzi ya mdomo, ifute kwa kiganja safi au sponji yenye maji kidogo, iache ikauke, halafu ifunike kwa ile karatasi ya nailoni iliyokuja nayo. Sabuni ya kufulia na spiriti zinakausha uso wa raba, usizitumie.

Seremala wa Mafinga

Ndugu zangu wameeleza vizuri, mimi nitaongeza mawili yanayohusu kazi ya mikono yangu.

La kwanza ni meza. Meza nyingi za huku ninazozijua zimetengenezwa na mafundi kama mimi kwa mbao za paini za Sao Hill, na ukweli lazima usemwe: si zote zinazorusha mpira inavyotakiwa. Kipimo cha kanuni ni rahisi, mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 30 juu ya meza uruke takribani sentimita 23, popote utakapoudondosha. Ukipita juu ya kiungo cha mbao mbili na mruko ukafa, hilo si tatizo la raba. Zaidi ya hapo, meza iliyopakwa rangi ya mafuta inayong'aa huufanya mpira uliozungushwa uteleze chini badala ya kuishika meza na kuruka mbele. Mtu aliyezoea meza ya namna hiyo akienda kwenye meza yenye uso mkavu usiong'aa atashangaa mpira wake umekuwa mkali ghafla. Kabla hujabadilisha raba, chukua rula na mpira, uzunguke meza mnayochezea.

La pili ni gundi, na hapa nasema kwa uchungu. Raba yangu ya kwanza ya maana niliibandika kwa gundi ya viatu, kwa kuwa niliona inashika haraka na ipo kila kibanda. Usiku ule ule sponji ilivimba, kingo zikajikunja juu kama chapati iliyoachwa juani, na nilipojaribu kuibandua, sponji ilichanika vipande vipande ikabaki kwenye ubao. Nilikuwa nimesubiri raba ile miezi mitano. Dawa za kuyeyusha zilizomo kwenye gundi za namna hiyo ndizo zinazoivimbisha sponji, na zamani wachezaji wakubwa walizitumia kwa makusudi ili raba iruke zaidi, mpaka zilipopigwa marufuku mara baada ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Tumia gundi ya maji, ile nyeupe kama maziwa. Ipake nyembamba kwenye sponji na kwenye ubao, subiri hadi weupe wote uishe na ibaki angavu, ndipo uvikutanishe. Anza kuilaza raba kutoka kwenye mpini, ibingirizie chupa ya soda tupu bila kuivuta, kisha geuza raketi na ukate pembeni kwa wembe mpya kwa kufuata ukingo wa ubao. Raba ikivutwa wakati wa kubandika, itajaribu kurudi siku zote na kuubandua ukingo.

Mchezaji wa Uyole, Mbeya

Nimerudi baada ya majuma matatu, na nawashukuru wote kwa dhati, shikamooni walimu na wakubwa wangu.

Nilianza na rula ya fundi wa Mafinga. Nusu yetu ya meza iliyo upande wa dirisha inarusha vizuri, lakini ile nyingine ina ukanda katikati, upana wa viganja viwili, ambako mpira hauvuki sentimita 19. Sehemu ya mipira yangu iliyokuwa inafia wavuni ilikuwa imetokea kwenye ukanda huo, na tumekubaliana pale ukumbini kuitegemeza meza kwa boriti ya ziada chini yake. Kwa hiyo nimeilaumu raba kwa kosa ambalo kwa sehemu halikuwa lake.

Zoezi la mpira wenye rangi nimelifanya jioni tano. Siku ya kwanza sikuona kitu ila ukungu wa rangi. Siku ya tatu niligundua kwamba jirani yangu, ambaye sevisi yake ilikuwa inanitesa kuliko zote, ana sevisi mbili zenye mkono unaofanana mwanzo mpaka katikati, na zinatofautiana mwishoni tu: moja raketi inamalizia chini, nyingine inapanda kidogo kuelekea kwenye mbavu zake. Ile inayopanda ndiyo iliyokuwa inapaa kwenye raba yangu. Sasa nikiona raketi inapanda ninalalisha uso na kusukuma mbele, na mpira unabaki chini. Bado nakosea, ila nikikosea najua kwa nini, na hilo ni jambo ambalo kwa miaka sita sikuwa nalo.

Ushauri wa Dada wa Njombe nimeuchukua nusu. Sikubadilisha raba nyekundu, kwa sababu sikupata wa kubadilishana naye, lakini kwa majuma yote matatu nimejizuia kushambulia kwa upande huo, nikafanya kazi moja tu ya kuzuia kwa vidole vilivyolegea. Mpira sasa unaingia mara nyingi kuliko kutoka. Upande mweusi wa kusukuma bado unanisumbua, hasa asubuhi za Jumamosi kukiwa na baridi kali. Nikiupitisha chini ya mpira kama mwalimu alivyosema, unaingia lakini unakuwa mrefu, na mpinzani anapata nafasi ya kuvuta. Nifanyeje uwe mfupi?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Hongera sana, na kuhusu ile sevisi ya jirani yako umeona kitu ambacho wengine huchukua mwaka mzima kukiona.

Mpira wako ni mrefu kwa sababu unaungoja ufike kileleni mwa mruko wake, ambapo tayari umeshasafiri na mkono wako umeshanyooka. Ingiza mguu wa kulia chini ya meza, uuguse mpira mara tu unapoinuka kutoka mezani, na mwendo wa raketi usizidi urefu wa kiganja. Hapo unato wa Hurricane 3 ndipo unapokulipa, maana uso wake hauna haraka, na mpira ulioguswa mapema kwa mkato mdogo unadondoka upande wa pili na kuruka mara mbili juu ya meza kabla haujatoka. Jaribu kwanza mchana, raba ikiwa na joto, kisha ndipo uende nayo kwenye baridi ya Jumamosi. Na kwenye suala la sponji, nakubaliana na Dada wa Njombe kuliko nilivyokubali mwanzo: raba nyekundu ikichakaa, agiza ya milimita 1.8.